Baiskeli ya Siku ya Pili

Hilda Mbonde alianguka Jumatatu asubuhi kwenye ngazi za bustani, akiwa anacheka. Mimi nilikuwa hatua tatu mbele yake. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikamkuta amekaa chini kwa namna ambayo mtu mzima hakai, mguu mmoja umekunjika chini ya mwili, na bado anamalizia kicheko chake.

"Inuka basi, mwalimu," nikamwambia. Kabla ya kuugua alikuwa akifundisha kwaya Korogwe, na sote wanane tuliokuwa kwenye majaribio ya tiba pale Kituoni tulimwita hivyo.

"Nainuka."

Hakuinuka. Aliitazama miguu yake kama anatazama watoto wa jirani waliogoma kutumwa dukani. "Mwantumu, miguu imekataa. Mimi sijachoka hata kidogo, haki ya Mungu tena, lakini imekataa."

Nikamshika mkono nimvute. Mkono ukaniteleza, hauna nguvu ya kushika wala kushikwa. Na wakati huohuo ukuta wa korido, ambao ulimsalimia kila mgonjwa aliyepita mbele yake asubuhi, ukauliza kwa ile sauti yake ya mwanamke mpole: "Umeamkaje, Hilda?"

Naye, yuko chini, hawezi hata kuvuta gauni lifunike goti, akajibu: "Salama, nashukuru."

Ukuta ukatoa mlio mfupi. Huo ulikuwa mlio wa kuandika. Wakaja wauguzi wawili na machela, wakamchukua, na saa sita mchana ubao wa matangazo ulikuwa na mstari mmoja: *Mshiriki namba nne amejikwaa. Hali yake ni nzuri.*

Hakujikwaa. Nilikuwepo, na macho ninayo.

*

Mimi ni namba saba. Kwa jina ni Mwantumu Shemdoe, nina miaka arobaini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kupima ardhi, enzi ambazo bado mtu alitumwa porini mwenyewe badala ya kutuma ndege zisizo na rubani. Miaka kumi na moja iliyopita nilipata homa ya kawaida tu. Homa ikapona, mimi sikupona.

Nimeambiwa mengi katika miaka hiyo. Nimeambiwa ni mawazo. Nimeambiwa ni uvivu, niolewe tena utaniisha. Nimeambiwa nina jini linalopenda kulala. Daktari mmoja mwenye tai nzuri aliniandikia mazoezi ya kukimbia. Nikakimbia siku mbili, nikalala miezi mitano. Niliporudi kumweleza alisema sikukimbia kwa moyo. Miaka sita ya mwisho mama yangu ndiye aliyeniosha, akinigeuza huku na kule kitandani, chumba kimefunikwa mapazia kwa sababu mwanga uliniuma.

Halafu kikaja Kiamsho. Ni punje ndogo kuliko ya ulezi. Wanaipandikiza nyuma ya sikio, kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka habari za mwili ubongoni. Daktari Byabato, aliyeivumbua, alitueleza hivi: mwili wenu ulishapona zamani, kilichobaki ni habari za uongo. Ni king'ora cha gari kinacholia wakati mwizi ameshaondoka. Sisi tunakinyamazisha tu.

Siku walipoiwasha punje yangu, nilikaa kitandani bila kushikiliwa. Siku ya tatu nilitembea hadi dirishani nikaona milima ya Usambara na gari la waya linavuka bonde. Wiki ya pili nilisonga ugali mwenyewe, nikaulilia machozi hapohapo sufuriani, nikaula. Kwa hiyo asije mtu akaniambia sikuwa na shukrani. Miezi tisa nimeishi kama binadamu, na nilikuwa nimekubali kusimama Alhamisi mbele ya Baraza la Idhini ya Tiba kusema hivyo, ili Kiamsho kiruhusiwe nchi nzima. Watu elfu arobaini walikuwa wanangoja jibu hilo wakiwa vitandani mwao.

Ila Jumatatu hiyo chakula cha mchana nilikiacha mezani. Wapima ardhi tuna sheria moja ambayo hata mlevi wetu haivunji. Unaanza kwenye jiwe la mpaka linalojulikana, unalizunguka shamba lote ukipima, halafu unarudi kupima lile lile jiwe ulikoanzia. Hesabu ya kurudi isipolingana na ya kuondoka, umekosea mahali, na kazi yote ni batili hata kama ramani imechorwa vizuri namna gani.

Pale Kituoni walitupima pumzi kwenye baiskeli mara moja kwa mwezi. Kabla ya kipimo walitupumzisha siku mbili, ili tuwe katika hali nzuri, walivyosema. Ukishuka kwenye baiskeli, wanaandika namba, wanakuruhusu uende. Hakuna aliyewahi kurudi kesho yake kuangalia kulitokea nini. Na mgonjwa yeyote wa uchovu sugu atakwambia kwamba shida haiji siku unayofanya kazi. Shida huja kesho yake. Tulilijua hilo wote wanane, nasi tulinyamaza kwa sababu tulikuwa tunajisikia vizuri.

Fundi wa baiskeli alikuwa Faraji Mndolwa, mtu wa makamo, kimya, mwenye kalamu mbili mfukoni na haazimi hata moja. Nilimkuta anafuta mpira wa kinyago cha kupumulia.

"Nataka kupimwa leo," nikamwambia. "Na kesho saa hizi hizi tena."

"Dada, utaratibu ni mara moja kwa mwezi."

"Utaratibu naujua. Nadhani mashine yako mbovu."

Huo ulikuwa uongo, lakini namjua fundi ninapomwona. Faraji aliweka kitambaa chini polepole.

"Mashine yangu?"

"Inatoa namba za kubahatisha. Siku ya pili haitatoa namba ileile."

"Baiskeli hii nimeifungua na kuifunga kwa mikono hii mara kumi na sita!" Alishavua koti. "Panda. Ukishuka napanda mimi. Na kesho tunarudia wote wawili, halafu utaniomba radhi mbele ya watu."

Kile kipimo si kigumu kueleza. Mwili unapofanya kazi huchoma chakula kwa hewa unayovuta. Ukiuzidishia mzigo, hewa inakuwa haitoshi, nao unaanza kuchoma bila hewa, kama jiko la mkaa lililofunikwa: moto kidogo, moshi mwingi. Kinyago kinanusa pumzi yako na kuonyesha moshi umeanza ukiwa unakanyaga kwa wati ngapi. Mtu mwenye afya ukimrudia kesho yake, namba haibadiliki, au hubadilika kidogo mno. Ni kama urefu wake.

Jumatatu namba yangu ilikuwa sabini na mbili. Ya Faraji mia moja thelathini na tisa.

Jumanne Faraji alipata mia moja arobaini. "Hiyo moja iliyozidi ni chai," akasema, akanifunga kinyago huku anatabasamu.

Tabasamu lilimtoka kabla sijamaliza. Alisimamisha baiskeli, akapima kinyago kwa mtungi wa hewa, akanirudisha juu, akasimamisha tena. Alipogeuza kioo ili nione, ilikuwa imeandikwa thelathini na nane.

"Unajisikiaje?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Nilijisikia vizuri. Nilijisikia ningeweza kupanda kilima mbio na kuimba nikifika juu. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko namba yenyewe.

"Thelathini na nane ni kitu gani, Faraji?"

"Ni kutembea polepole kwenye sakafu iliyo sawa. Tena si kwa muda mrefu." Akakaa kwenye kiti chake. "Dada, wewe juzi ulipanda kule juu kuchuma mapeasi."

"Nilipanda."

"Basi mwili ulikuwa unalia, wewe husikii."

Aliniandikia namba zote nne kwenye karatasi, akatia sahihi na muhuri wake. Hakunidai radhi.

*

Daktari Byabato ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonitia hasira. Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala usingizi. Yeye ni Mhaya mmoja mrefu, mpole, anayefuta miwani kila anapotaka kusema jambo gumu, na mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa huu huu kabla haujapewa jina. Jumatano nilimwekea karatasi mezani. Aliisoma, akavua miwani.

"Mtu mmoja si utafiti, Mwantumu."

"Wanane ndio utafiti wenu. Na mmoja kati ya wanane yuko kitandani, mmeandika amejikwaa."

Alifuta kioo cha kulia, akahamia cha kushoto. "Nilikuwa na wasiwasi tangu mwezi wa saba," akasema. "Nikawa naangalia majibu ya asubuhi. Majibu tisini na saba kwa mia yanasema wako salama."

"Daktari, wewe umelelewa wapi? Ni nani hapa nchini akisalimiwa husema mbaya?"

Alisimama akaenda dirishani, akaanza kusema akiwa amenipa mgongo. "Kuna watu elfu arobaini. Wengine hawajaona jua miaka ishirini. Niwaambie nini? Ukiwapa miezi kumi ya kusimama, kucheza na watoto wao, halafu waanguke, unadhani watakataa?"

"Sijui. Waulize."

"Nikiwauliza kwa maneno hayo, Baraza litafunga kila kitu. Watazima punje zote nane jioni ileile. Ya Hilda. Yako." Akageuka. "Nipe mwaka mmoja. Kiruhusiwe kwanza, halafu nitarekebisha. Nakuomba kama ndugu."

Nilitamani kumkubalia. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Nilitamani mno, hadi mate yakanijaa mdomoni. Mwaka mmoja mwingine wa kusimama. Kisha nikawaza wale watu elfu arobaini wakiamka siku moja, mmoja mmoja, miguu imekataa, na ukuta unawauliza wameamkaje.

"Ndugu hamfichi ndugu yake," nikasema, nikachukua karatasi yangu.

*

Nilikwenda kwa Hilda. Alikuwa amelala chali, mikono nje ya shuka, uso unang'aa kwa afya ambayo mwili haukuwa nayo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ukisema, watanizima," akasema.

"Nitadai asizimwe mtu asiyetaka."

"Utadai! Wewe ni nani, waziri?" Sauti yake ilikuwa kali, shingo tu ndiyo haikuweza kugeuka. "Mimi hapa sisikii maumivu. Nasikia njaa, nasikia ndege nje, nasikia hamu ya kuimba. Wakinizima nitasikia kila kitu kwa mpigo mmoja. Umelifikiria hilo, au unafikiria namba zako tu?"

"Nimelifikiria."

"Na bado utasema?"

"Nitasema, Hilda."

"Basi toka."

Nikatoka. Nikaketi kwenye ngazi nikampigia mama. Mama yangu ana miaka sabini na moja na mgongo wake uliharibika kwa kunigeuza mimi. Nikamwambia kuwa huenda Alhamisi jioni nikarudi kuwa kama zamani.

"Sitaki," mama akasema.

"Mama..."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Sitaki, nimesema. Nimekuosha miaka sita, nimechoka, na sina chombo cha kuniziba nisisikie. Na huko kwenye mkutano wenu siji." Nikamsikia akivuta kiti akaketi. "Lakini hilo wanalotaka useme, ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, mama."

"Basi unaniuliza nini?" Akakata.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi mdogo wa Kituo, wajumbe watano nyuma ya meza ndefu, watu kama sitini kwenye viti. Mama hakuja. Huwa hatanii. Hilda aliletwa kwenye kitanda cha magurudumu, akakataa kunitazama. Daktari Byabato alikuwa mstari wa mbele na kishikwambi chake magotini, kile kinachowasha na kuzima punje zetu.

Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Bi Anzelina Ndunguru, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru.

"Habari za asubuhi, Bi Mwantumu."

Ulimi ulishaanza kusema nzuri. Nikaukamata. "Mbaya," nikasema.

Ukumbi ukaguna. Mtu mmoja akacheka, akadhani natania. Jaji akanyanyua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake.

"Samahani?"

"Mbaya, mheshimiwa. Mmeletewa ripoti inayosema majibu yetu tisini na saba kwa mia ni salama. Hayo ni majibu ya salamu. Hapa kwetu hata aliyefiwa alfajiri, ukimwuliza habari, atasema salama kwanza, halafu ndipo atoe habari za msiba. Kuta za Kituo hiki hazikuwahi kungoja hiyo halafu."

Nikasoma namba zangu. Nikamtaja Faraji, naye akasimama pale nyuma bila kuitwa akasema, "Muhuri ni wangu," akakaa. Mjumbe mmoja kijana, mwenye suti ya kijivu, akauliza kwa upole wa kuudhi: "Lakini mama, sisi tunakuona hapa. Umesimama, umependeza, unasema vizuri. Tuamini karatasi au tuamini macho yetu?"

Miaka kumi na moja nimeulizwa swali hilo. Umependeza, mbona unaumwa? Hasira ilinipanda hadi masikioni, na hasira hiyo ilikuwa yangu, haikutoka kwenye punje.

"Macho yenu," nikasema. "Mkataba wetu, kifungu cha kumi na nne: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Mimi sababu nimeshatoa. Daktari, nizime."

Daktari Byabato alisimama. "Si hapa, tafadhali. Umepanda baiskeli mara mbili wiki hii. Hatujui kuna nini huko chini."

"Ndiyo maana nataka tukione wote."

"Mwantumu, utaumia."

"Naumia sasa hivi. Wewe ndiye umenifanya nisijue."

Alimtazama jaji. Jaji alikuwa amefungua mkataba, kidole chake kwenye kifungu. "Ni haki yake," akasema.

Daktari akabonyeza.

Kwa muda kama wa kuhesabu hadi kumi hapakuwa na kitu. Halafu mwanga wa dirisha ukaja juu yangu ukiwa mzito. Sauti za viti zikaanza kuniingia kichwani moja moja, kila moja na ncha yake. Mikono ikawa ya mtu mwingine, kisha ikawa ya kwangu tena, inawaka. Miguu ikanieleza kila ngazi niliyopanda kwa miezi tisa, kila kilima, kila peasi. Sikuanguka. Nilijilaza mwenyewe, goti kwanza, kiwiko, halafu kichwa, kwenye sakafu ya mbao, mbele ya meza ya Baraza.

"Mwiteni muuguzi!" akasema yule wa suti ya kijivu. Upole ulikuwa umemwisha.

"Kaeni," nikasema. Hawakusikia. Sauti yangu ilikuwa imebaki ndogo mno. Jaji akanyanyua mkono, ukumbi ukanyamaza.

Nikasema nilichokuja kusema, maneno matatu, nipumzike, maneno manne, nipumzike. Kila anayengoja aelezwe hili kabla ya kuwekewa punje, kisha achague mwenyewe. Kila aliyewekewa apimwe siku mbili, si moja. Na asizimwe mtu asiyetaka kuzimwa. Hilda Mbonde abaki hivyo alivyo hadi yeye mwenyewe aseme. Yalinichukua, nadhani, robo saa. Nilipofumbua macho yule mjumbe wa suti ya kijivu alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

Kutoka kitandani kwake Hilda aliita, kwa ile sauti ya mwalimu wa kwaya iliyofika hadi nyuma ya ukumbi: "Andikeni! Amesema asizimwe mtu asiyetaka. Andikeni kama alivyosema!"

Daktari Byabato alikuwa amepiga magoti pembeni yangu. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kioo cha kishikwambi. "Imetosha," akaninong'oneza. "Wameona wote. Nakuwasha, Mwantumu. Kidole kimoja tu, sekunde moja, na utasimama."

Na Mungu anajua nilivyotaka. Mwili mzima, kila kipande chake, ulisema mkubalie. Nami nilijua kwamba nikisimama tena pale, nimependeza, nasema vizuri, watakachokwenda nacho nyumbani ni mwanamke aliyesimama.

"Gusa hicho kitufe," nikamwambia, "nikuzabe kofi."

Sikuweza kuinua hata kidole. Alilijua hilo, na ukumbi mzima ulilijua. Akazima kishikwambi, akakisukuma mbali kwenye mbao. Jaji Ndunguru akatoka nyuma ya meza akiburuta kiti chake, akakiweka karibu na kichwa changu, akainama hadi sikio lake likawa karibu na mdomo wangu.

"Sasa, Bi Mwantumu," akasema, "tuendelee. Nina maswali tisa."